Shajara ya mradi: lenzi ya 195° kwa picha ya duara kamili

Mradi huu unahusu jozi ya lenzi zinazopeana migongo, kila moja ikiona 195°, ili picha zake mbili ziunganishwe kuwa panorama moja ya 360°. Maelezo yanaongezwa kila hatua inapokamilika. Hatua za kawaida zimefupishwa. Palipokwama pameandikwa kwa urefu, maana hapo ndipo anayetaka kunakili kazi hii atakapookoa muda.

Jambo moja limeongoza maamuzi yote. Katika lenzi ya panorama, ukingo wa picha ndio mshono, na mshono unaweza kuangukia usoni pa mtu. Lenzi ya kawaida husamehewa kona zake. Hii haisamehewi, kwa hiyo usanifu ulianzia 90° kutoka mhimilini, penye mshono, ukarudi katikati.

9 Januari: vipimo vya kuanzia

Kihisi kina pikseli 3072 × 2048, kila moja ya mikroni 2.4, yaani eneo la mm 7.37 × 4.92. Duara zima la picha lazima likae ndani ya upande mfupi, kwa hiyo kipenyo chake ni mm 4.8 na nusukipenyo mm 2.4.

Projeksheni iliyochaguliwa ni r = f·θ (r ni umbali kutoka katikati ya picha, f urefu wa fokasi, θ pembe kutoka mhimilini). Nusu ya uga ni 97.5°, sawa na radiani 1.702, hivyo urefu wa fokasi ni 2.4 ÷ 1.702 = mm 1.41. Kila digrii inapata pikseli 10.25, na panorama iliyounganishwa inakuwa na upana wa pikseli 3690 hivi. Projeksheni ya r = 2f·sin(θ/2) ilifikiriwa kwa sababu inagawa mwanga sawasawa kwa urahisi, lakini ifikapo 90° kipimo chake cha picha kimeshuka hadi 71% ya katikati, palepale penye mshono. Ile ya r = 2f·tan(θ/2) hufanya kinyume: ukingo unanenepa, katikati inabaki na pikseli 7.7 kwa digrii. Mstari ulionyooka wa f·θ ndio unaogawa pikseli kwa haki kati ya pande hizo mbili.

Tundu ni f/2.8. Doa la mtawanyo wa mwanga (Airy, dogo kuliko yote ambayo lenzi inaweza kutoa) kwa nm 550 lina kipenyo cha mikroni 3.8, pikseli moja na nusu. Lengo la ukali ni MTF (sehemu ya utofauti wa mistari inayobaki kwenye picha, 1 ikiwa kamili) ya 0.45 au zaidi kwa jozi 104 za mistari kwa milimita, yaani nusu ya kikomo cha kihisi, na sharti litimie kwenye 90°. Kikomo cha fizikia hapo ni 0.80.

Fokasi haihitaji kurekebishwa na mtumiaji. Tukiruhusu ukungu wa pikseli mbili (mikroni 4.8), umbali ambao kuanzia nusu yake hadi mbali kabisa kila kitu kinaonekana wazi ni f² ÷ (2.8 × 0.0048), karibu mm 150. Lenzi itafungwa kwenye umbali huo moja kwa moja; chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 7.5 kitakuwa wazi.

24 Januari: programu ilikuwa ikifuatilia mwanga nusu

Toleo la kwanza la usanifu, kwenye programu ya kusanifu lenzi, lilionekana zuri kupita kiasi. Jumla ya makosa ilishuka kila mzunguko wa uboreshaji na madoa ya miale yakazidi kubana. Kasoro ilijitokeza ulipochorwa mpangilio wa miale kwenye tundu kwa kila pembe. Kuanzia 65° hivi, miale iliyokuwa ikihesabiwa ilijaza nusu tu ya tundu. Kwenye 90° haukufika hata mmoja. Programu ilikuwa ikiboresha kipande cha mwanga na kukipa alama kamili.

Sababu ni mboni ya kuingilia, yaani taswira ya tundu kama inavyoonekana kutoka mbele ya lenzi. Programu nyingi hulenga miale kwenye mboni iliyokokotolewa kwa miale iliyo karibu na mhimili. Katika lenzi pana kiasi hiki mboni haitulii: kadiri pembe inavyokua, inasogea mbele, inainama kuuelekea mwale na inabadili ukubwa. Katika usanifu huu imesogea karibu mm 4 kutoka 0° hadi 90°. Mwale unaolengwa mahali pa zamani unagonga ukuta wa mrija.

Kinachofanya kazi ni kufuatilia miale kinyumenyume. Rusha mwale mkuu kutoka katikati ya tundu kwenda nje, soma pembe unayotokea nayo, kisha rekebisha pembe ya kuanzia hadi upate θ unayoitaka. Kwa mbinu ya sekanti, mizunguko michache inatosha. Rudia kwa ncha nne za tundu ili kupata umbo halisi la boriti ya mwanga. Pembe zinazofuatiliwa ni 0°, 20°, 40°, 60°, 75°, 85°, 90° na 97.5°, zikisongamana makusudi kuelekea mshono.

Kuna mtego wa pili kwa pembe zinazozidi 90°. Kitu kinachopigwa picha hakiwezi kuelezwa kama ubao ulio mbele ya lenzi, maana mwale unatoka nyuma ya ubao huo. Eleza mwelekeo kwa kosini (sin θ, 0, cos θ), ukikubali cos θ iwe hasi, na anzisha miale kwenye bapa lililo wima kwa mwale mkuu, nje kabisa ya uso wa kwanza.

Baada ya marekebisho haya, jumla ya makosa ya usanifu uleule ilipanda zaidi ya mara kumi. Kazi yote ya uboreshaji iliyotangulia ilitupwa. Anayeanza leo achore tundu kwa kila pembe kabla ya kuamini grafu nyingine yoyote.

11 Februari: lenzi ya kwanza

Lenzi ya kwanza ni hasi, yenye umbo la hilali: uso wa nje umebinuka kidogo, wa ndani umebonyea sana. Uboreshaji ukiachwa huru huusukuma uso wa ndani kuelekea nusu tufe, kwa kuwa kila digrii inayopindwa mapema huvipunguzia kazi vipande vya nyuma. Toleo la kioo cha N-BK7 (kipimo cha mpindo wa mwanga, n = 1.5168) lilifika uwiano wa kipenyo kwa nusukipenyo wa 1.93, wakati nusu tufe kamili ni 2.00. Mteremko wa ukingo kwa uwiano huo ni karibu 75°. Kifaa cha kung'arishia hakifiki huko bila kuharibu umbo, na kuupima uso mzima kwa interferometa (kifaa cha kupima uso kwa mwanga) kunadai koni ya mwanga pana sana, ya karibu f/0.5.

Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kioo. Kwa nguvu ileile (fokasi ya mm −9.3) na uso wa nje wenye nusukipenyo cha mm 15, N-BK7 inadai uso wa ndani wa mm 3.65; N-LASF44 (n = 1.8042) inatosheka na mm 5.0. Ya pili ni kuhamishia sehemu ya nguvu hasi kwenye lenzi ya pili, hilali nyingine ya N-BK7. Uwiano sasa umefungwa usizidi 1.70, mteremko 58°.

Haya hayakuja bure. N-LASF44 ina uzito wa karibu mara 1.8 ya N-BK7 kwa ujazo uleule, malighafi yake ni ghali mara kadhaa, na kipenyo cha mbele kimekua hadi mm 17. Kubwa zaidi ni rangi: namba yake ya Abbe ni 46.5 dhidi ya 64.2 ya N-BK7, kwa hiyo inatawanya rangi zaidi mahali ambapo mwale umeinama kuliko popote. Deni hilo lilidaiwa mwezi Aprili.

Anayetaka kukuza usanifu huu kwa kihisi kikubwa akumbuke kwamba kipande cha mbele hukua sambamba na duara la picha. Nikkor ya mm 6 f/2.8 ya mwaka 1970, yenye uga wa 220° kwa filamu ya mm 35, ina uzito wa kilo 5.2.

3 Machi: hesabu ya mshono yaua mpango ulionyooka

Mpango wa awali ulikuwa wa mrija ulionyooka: lenzi, kihisi nyuma yake, kisha kihisi cha pili na lenzi ya pili zikitazama upande mwingine. Kabla ya kuendelea ilihesabiwa paralaksi ya mshono.

Mboni mbili zikitengana kwa d, kitu kilicho kwenye bapa la katikati kwa umbali D kinaonekana na lenzi hizo kwa tofauti ya takriban d ÷ D radiani. Hapa d lazima ipimwe kwa mboni ya 90°. Mboni ya karibu na mhimili ilitoa mm 33. Mboni halisi ya 90°, iliyosogea mbele pande zote mbili, inatoa mm 40. Kwa kitu cha mita 1 hiyo ni 2.3°, pikseli 23 za kutolingana. Hakuna programu ya kuunganisha inayoficha pikseli 23 kwenye uso wa mtu. Zaidi ya hapo, koni za 97.5° za lenzi mbili zinakutana umbali wa 20 ÷ tan 7.5°, yaani mm 152 kutoka mhimilini. Chochote kilicho karibu zaidi kwenye bapa la mshono hakionekani kabisa.

Njia iliyochukuliwa ni kukunja mwanga kwa prizimu ya pembe mraba kati ya kundi la mbele na tundu. Prizimu mbili za mm 6 zinapeana migongo kwa nyuso zao za mshazari; lenzi A inatupa mwanga kulia, B kushoto, na vihisi vinatoka katikati kabisa. d inashuka hadi mm 20. Kutolingana kwa mita 1 kunakuwa 1.15°, pikseli 12, na sehemu isiyoonekana inakwisha mm 76. Kwa kitu cha mita 12 kosa ni chini ya pikseli moja.

Kundi la mbele sasa lina mm 9.4 tu kutoka kilele cha lenzi ya kwanza hadi uso wa prizimu. Usanifu ulibidi uanze karibu upya.

19 Machi: giza la upande mmoja

Prizimu ya kwanza ilikuwa ya N-BK7, kwa kuwa inapatikana tayari kwa vipimo vya kawaida. Jaribio la mezani lilionyesha picha nzuri katikati na giza la umbo la hilali upande mmoja tu wa duara, likianza kwa ukingo mkali. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba mrija unakata mwanga. Prizimu ilipozungushwa pamoja na kihisi, giza lilizunguka nayo.

Chanzo ni uakisi kamili wa ndani. Uso wa mshazari unaakisi mwanga wote iwapo tu mwale unaufikia kwa pembe inayozidi pembe kikomo. Kwa N-BK7 pembe hiyo ni 41.2°, na mwale wa mhimili unafika kwa 45°. Akiba ni 3.8° ndani ya kioo, sawa na 5.7° hewani. Miale inayotoka kundi la mbele imeinama hadi 16°. Ile inayoinamia upande mmoja inazidi kuulalia uso na kuakisiwa yote. Ya upande wa pili inapita na kutoka nyuma.

Kwa N-LASF44 pembe kikomo ni 33.7°, na akiba hewani inakuwa karibu 21°. Prizimu mpya ilikatwa kwa kioo hicho na giza likaisha. Kuna faida ya pili: mm 6 za kioo hiki ni sawa na mm 3.3 za hewa, wakati N-BK7 ingekula mm 4.0, hivyo boriti ya mwanga inabaki nyembamba zaidi. Njia mbadala ni kupaka fedha uso wa mshazari. Ingefanya kazi, ila kila uakisi ungepoteza asilimia chache za mwanga.

Tahadhari kwa anayeunganisha: uso wa mshazari usiguswe na chochote. Alama ya kidole au tone la gundi (n karibu 1.5) linapandisha pembe kikomo hadi karibu 56° na mwanga unavuja hapo. Gundi iwekwe kwenye nyuso mbili za pembetatu tu. Kati ya prizimu mbili imewekwa karatasi nyembamba ya chuma iliyotiwa weusi, ikiacha mm 0.1 kila upande. Pengo hilo ni kubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi, hivyo haliathiri uakisi.

16 Aprili: rangi, ukali na mwanga wa ukingoni

Mpangilio wa sasa, kutoka nje kwenda ndani: hilali hasi ya N-LASF44, hilali hasi ya N-BK7, lenzi chanya, prizimu ya N-LASF44, tundu, lenzi chanya ya N-LASF44, lenzi pacha iliyogundishwa, lenzi chanya ya mwisho, kichujio, kihisi.

Rangi ndiyo iliyochukua muda mwingi. Kwenye 90°, buluu ya nm 436 iliangukia ndani ya nyekundu ya nm 656 kwa mikroni 9, karibu pikseli nne. Lenzi hasi za mbele zinapinda buluu zaidi na kuifanya picha yake iwe ndogo. Majaribio ya kusahihisha kwa lenzi pacha pekee, nyuma ya tundu, yalishusha kosa hilo lakini yakazaa rangi katikati ya picha, kwa sababu pacha hiyo inabeba pia boriti pana ya mhimili. Marekebisho ya kweli yalipatikana mbele ya tundu. Lenzi chanya ya tatu ilibadilishwa kuwa N-SF57 (namba ya Abbe 23.8), kioo kinachotawanya rangi sana. Mwale mkuu wa ukingoni unaipitia mbali na mhimili, kwa hiyo inasukuma buluu nje bila kugusa sana rangi ya katikati. Pacha sasa ni N-PK52A na N-SF57, na inashughulikia katikati tu. Kilichobaki kwenye 90° ni mikroni 2.2, chini ya pikseli moja, na programu inaweza kukiondoa kwa kukuza kila rangi peke yake.

N-PK52A ni laini na hutanuka kwa joto zaidi ya N-SF57. Kwa kipenyo cha mm 5 gundi inavumilia. Kwa kipenyo kikubwa ingetakiwa kufikiriwa upya.

Jumla ya Petzval (kipimo cha kupinda kwa bapa la picha) haikusumbua, kwani nguvu hasi ya mbele inafuta sehemu kubwa ya nguvu chanya ya nyuma. Kilichosumbua ni astigmatizimu (fokasi kutofautiana kati ya upande wa nusukipenyo na wa mzingo) kati ya 85° na 97.5°, na hapo yalifanyika mabadiliko mawili ya mtazamo. Kwanza, sharti la r = f·θ lilikuwa limefungwa kwa 1%, na uboreshaji ulikuwa ukilipa ukali kwa ajili ya mstari ambao kompyuta inaweza kuunyoosha bila gharama. Sharti jipya linasema tu kwamba dr/dθ isipungue 95% ya thamani yake ya katikati popote hadi 90°. Ukali wa ukingo ulipanda mara moja. Pili, kwenye 90° projeksheni hii inavuta picha kwa kufuata mzingo mara 1.57, hivyo upande huo una pikseli 16 kwa digrii wakati upande wa nusukipenyo una 10 tu. Ukungu wa upande wa nusukipenyo ndio unaoonekana. Uzito wake kwenye fomula ya uboreshaji uliongezwa mara 2.5, upande wa mzingo ukaachwa ulegee.

Kuhusu mwanga: boriti ya nje ikibaki na upana uleule kwa kila pembe, projeksheni ya f·θ huacha 64% kwenye 90°. Lakini mboni inayokua na pembe inaweza kurudisha sehemu ya mwanga huo, kanuni ambayo Mikhail Rusinov aliitumia katika lenzi zake pana za upigaji picha kutoka angani. Kwa kuruhusu boriti ya nje inenepe ukingoni, usanifu umefika 82% kwenye 90°.

Pembe ya mwale mkuu kwenye kihisi imefungwa isizidi 10°. Ikizidi, lenzi ndogo zilizo juu ya pikseli hutupa mwanga nje ya shabaha na ukingo hupata rangi ya waridi au kijani. Pia kichujio cha infraredi huhamisha mpaka wake kuelekea buluu, kwa 10° takriban nm 3 na kwa 20° takriban nm 12.

5 Mei: makosa yanayovumilika

Uigaji wa kompyuta wenye makosa ya kubahatisha ulionyesha picha tofauti na matarajio. Lenzi kubwa ya mbele inavumilia kuhama kando kwa mikroni 30. Mdogo anayetesa ni lenzi chanya iliyo mara tu baada ya tundu: mikroni 5 za kuhama kando zinakula nusu ya akiba yote ya ukali. Pengo kati yake na lenzi pacha linatakiwa liwe ndani ya mikroni 8. Kosa la dakika 3 kwenye prizimu huwa dakika 6 baada ya kuakisi na kuhamisha picha kwa pikseli 3 hivi. Kuhama huko hakudhuru, kalibrasheni (upimaji wa pembe halisi ya kila sehemu ya picha) inakumeza.

Uamuzi: kundi la nyuma lote likerezwe kwenye mrija mmoja wa alumini kwa mkamato mmoja wa mashine, bila kugeuza kipande. Majaribio ya mrija uliochapishwa kwa plastiki yaliachwa baada ya kipimo kuonyesha kwamba vikalio vya lenzi vimepindana kwa makumi ya mikroni.

Lenzi za plastiki pia zilikataliwa. Zingepunguza uzito, lakini kipimo chao cha mpindo hushuka kwa takriban 0.0001 kwa kila digrii ya joto, mara nyingi zaidi ya kioo, na fokasi ya lenzi hii haina akiba ya kumudu hilo.

21 Juni: vipako na mizuka

Vipande vya lenzi vilivyoagizwa vilirudi. Umbo la nyuso liko sawa. Tatizo liko kwenye kipako cha kuzuia mng'ao cha uso wa ndani wa lenzi ya kwanza: katikati unang'aa kijani hafifu kama ilivyotarajiwa, ukingoni unang'aa nyekundu nzito.

Kipako kinachotua kutoka upande mmoja hukonda kwa kosini ya mteremko. Kwenye 58° unabaki 53% ya unene, na kipako kilichopangwa kwa nm 550 hakisaidii tena sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana. Ndiyo maana mwangaza uliopimwa kwenye 90° ulikuwa 73% badala ya 82%. Vipande vya pili vilipakwa vikiwa vimeinamishwa na kuzungushwa, unene ukilengwa kwa ukanda wenye mteremko wa 35°, ili katikati izidi kidogo na ukingo upungue kidogo. Mwangaza ulipanda hadi 78%. Anayeagiza vipande aandike sharti hili kwenye mchoro. Pasipoandikwa, kipako kitapangwa kwa katikati.

Mizuka (madoa ya uongo yatokanayo na mwanga unaoakisiwa kati ya nyuso) ni jambo zito hapa kuliko kwenye lenzi nyingine, kwa kuwa jozi inayoona kila upande ina jua ndani ya picha kila inapotoka nje mchana. Nyuso mbili zenye uakisi wa 0.5% kila moja hurudisha sehemu 25 kwa milioni; uso mmoja wa N-LASF44 usiopakwa (8.2%) ukishirikiana na uliopakwa hurudisha 410 kwa milioni, na kwa jua hiyo ni doa linaloonekana waziwazi. Nyuso zote za prizimu zinazopitisha mwanga zimepakwa sasa.

Ulibaki upinde mwembamba uliojitokeza jua lilipokuwa kati ya 95° na 105°, mara nyingine likiwa nje ya uga kabisa. Kwa kuziba sehemu moja baada ya nyingine kwa karatasi nyeusi ilithibitika kwamba mwanga unaingia kwenye ukingo wa lenzi ya kwanza. Ukingo ulikuwa umepakwa wino mweusi wa kawaida wenye n ya karibu 1.5. Kati ya kioo cha 1.80 na wino huo kuna pembe kikomo ya 56°, na mwanga unaofika kwa pembe kubwa zaidi unaakisiwa wote bila kuugusa weusi. Ukingo ulisagwa uwe na chengachenga, kisha ukapakwa wino wa kipimo cha juu cha mpindo. Upinde ulififia hadi kutoonekana kwa mfiduo wa kawaida.

9 Julai: kufunga fokasi

Akiba ya fokasi ni 2.8 × mikroni 4.8, yaani mikroni 13 kila upande. Hesi ya M12 × 0.5 husogea mikroni 500 kwa mzunguko mmoja, hivyo akiba ya kila upande ni chini ya 10° ya kuzungusha kwa mkono. Inawezekana, lakini hesi yenyewe inacheza zaidi ya hapo ikikazwa. Hesi inatumika kukaribia tu. Mwisho unafanywa kwa jukwaa la mikrometa huku MTF ikisomwa katikati na kwenye pointi nne za 85°.

Mwinamo wa kihisi unakula akiba ileile. Kwenye nusukipenyo cha mm 2.4, mwinamo wa 0.31° unamaliza mikroni 13 zote. Lengo lilikuwa 0.1°.

Kipande cha kwanza kilifungwa vizuri kisha kikapoteza fokasi upande mmoja usiku kucha. Gundi ya UV husinyaa kwa asilimia chache inapokauka. Mshono wa gundi wa mm 0.3 ukisinyaa kwa 3% unavuta mikroni 9. Pengo lilipunguzwa hadi chini ya mm 0.1, gundi ikawekwa kwa nukta tatu zilizolingana, zikaangazwa pamoja kwa nguvu ndogo kwanza. Mabadiliko baada ya kukauka yalishuka chini ya mikroni 3.

Jambo jingine: usipime fokasi bila kichujio kisha ukakiweka. Kichujio cha mm 0.5 kinasogeza fokasi kwa mm 0.17, mara 13 ya akiba.

Ukali uliopimwa kwa mbinu ya ukingo ulioinama, jozi 104 kwa milimita: katikati 0.63, kwenye 60° 0.55, kwenye 90° upande wa nusukipenyo 0.46 kwa lenzi A na 0.42 kwa B. B haijafika lengo. Dalili zote zinaonyesha lenzi chanya ya nyuma ya tundu imehama kando. Kundi lake la nyuma litafunguliwa.

2 Agosti: kalibrasheni

Ubao wa miraba ulitoa matokeo mabaya kuanzia 80°, kwa kuwa mboni inasogea na ubao uko karibu. Badala yake lenzi imewekwa kwenye meza ya kuzunguka mbele ya kolimeta. Kwa kuwa miale ya kolimeta ni sambamba, kusogea kwa mboni hakubadilishi pembe. Asiye na kolimeta atumie nukta ya mwanga iliyo mita 20 au zaidi: mm 4 za mboni kwa umbali huo ni pikseli 0.12 tu.

Modeli ni ya Kannala na Brandt ya mwaka 2006, hapa kwa vigawo vinne: r = k₁θ + k₂θ³ + k₃θ⁵ + k₄θ⁷. Usomaji ulichukuliwa kila 2.5° hadi 97.5° kamili. Jaribio la kuishia 90° na kuiacha polinomia ikisie mengine lilipindisha mkunjo palepale lenzi mbili zinapopishana. Wanaotumia moduli ya fisheye ya OpenCV (maktaba huria ya programu za picha) wajue kwamba hupitia uwiano wa x/z, yaani umbali wa kando kwa umbali wa mbele, hivyo haiwezi kuwakilisha nukta za 90° na kuendelea. Hesabu ya kubadili θ kuwa r imeandikwa upya moja kwa moja.

Mzunguko wa kwanza wa hesabu ulikataa kabisa kukaribiana, makosa yakiwa ya mamia ya pikseli. Prizimu ina uakisi mmoja, kwa hiyo picha ni ya kioo, na hakuna mzunguko wowote wa kamera unaoweza kugeuza kulia kuwa kushoto. Picha ilipogeuzwa kabla ya kuingizwa, kosa la wastani lilishuka hadi pikseli 0.3 kwa A na 0.4 kwa B.

Vigawo vinahifadhiwa kwa kila lenzi pamoja na namba iliyochongwa kwenye mrija wake. Vigawo vya A vilipotumika kwa B, mshono ulikosa kwa pikseli 5. B ikishafunguliwa na kufungwa tena, itapimwa upya tangu mwanzo, fokasi na kalibrasheni pamoja.